Mkwe Ndani ya Maji

Sisi watu wa Bunia hatuna bahari, lakini plaji, yaani ufuko wa starehe, tunayo. Ukishuka mlima kwa njia ya Bogoro mpaka upande wa Kasenyi, utakuta ziwa, na kando ya ziwa utakuta ukuta wa matofali uliojengwa na tajiri mmoja. Kabla ya ukuta, mahali pale palikuwa pa kuanikia samaki, na hakuna aliyelipa kuingia, hata nzi. Tajiri akaweka geti, akaandika PLAGE kwa rangi nyekundu, na tangu siku ile mchanga uleule ukawa starehe. Aliongeza vibanda vya nyasi ambavyo vinaitwa payoti, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe vya harusi, na mnazi mmoja wa plastiki wenye taa, kwa sababu minazi ya kweli ilikataa kuota.

Halafu, karibu kabisa na ziwa ambalo maji yake yanafika mpaka Uganda, alichimba bwawa la kuogelea. Bwawa linajazwa kwa pampu kutoka ziwa lilelile. Ukitaka kuoga ziwani, unalipa kidogo. Ukitaka kuoga maji hayohayo baada ya kukaa ndani ya saruji mpaka yawe kijani, unalipa zaidi, maana upande ule ni wa V.I.P.

Mpiga picha wa pale naye ana turubai lililochorwa bahari. Watu wanasafiri kutoka Bunia, wanakula vumbi, wanafika mbele ya maji, na mpiga picha anawasimamisha na turubai mgongoni, ziwa lisionekane. Nilimuuliza sababu. Aliniambia ziwa halina rangi nzuri.

Mimi sikwenda huko kwa ajili ya picha. Nilikwenda kumkimbia mama mkwe.

Hapo inabidi nieleze, maana mambo yote yanatoka hapo. Mchumba wangu ni wa familia ya zamani ya Ituri, watu wa ng'ombe na wa kanisa, na kwao mkwe na mama mkwe hawaonani ovyo. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia na kutazama pembeni mpaka mwenzake apite. Na wiki mbili zinazotangulia dote, yaani siku ya kutoa mahari, mambo yanazidi: afadhali wasikutane kabisa. Lakini kosa kubwa kuliko yote, lile ambalo wazee wanalitaja kwa sauti ya chini, ni mama mkwe kumwona mkwe wake bila nguo, na kwa wazee hao kaptula si nguo. Hilo likitokea, dote inasimama. Wazee wanakutana, mbuzi anachinjwa, na mara nyingi hakuna tena anayerudi kuuliza habari za harusi.

Sasa mimi nina duka la vipuri vya pikipiki pale sokoni, na mama yule ananunua maharage kwa jirani yangu. Wiki nzima nilikuwa mtu mzima, mwenye biashara na kodi na ndevu, ninayejificha nyuma ya matairi. Wateja walikuwa wanaita, mimi nachutama kimya. Sura ya mama huyo nilikuwa naijua kwa picha iliyo kwenye simu ya mchumba wangu tu. Sauti yake niliijua vizuri zaidi, kwa sababu ndiye rais wa kwaya ya akina mama, na anapoimba hahitaji mikrofoni.

Tena nilikuwa na adui. Baba mkubwa wa mchumba wangu, ambaye ndiye mkuu wa ukoo tangu baba wa binti afariki, hakunitaka. Mimi nilizaliwa Niania, mahali ambapo malori yanalala, na kwa mzee huyo hilo lilitosha. Alikuwa anasema: "Huyu ni mutoto ya barabara. Barabara haina kizazi." Alikuwa na mtu wake tayari, mkulima wa upande wa Aveba, mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Kosa langu alikuwa hajalipata, lakini alikuwa analitafuta kwa bidii ya mtu aliyepoteza funguo. Na mimi nilimpenda yule binti kiasi cha kuchutama nyuma ya matairi, kwa hiyo mnaweza kupima wenyewe.

Jumapili, siku sita kabla ya dote, rafiki yangu alishuka kutoka Nizi. Yeye anachimba dhahabu, na siku anapoipata anaivaa shingoni, siku anapokosa anaomba kulala dukani kwangu. Siku ile alikuwa ameipata. Alisimamisha pikipiki mbele ya duka, akapiga honi.

"Masta, tunaenda ku plaji! Leo unaaga ujana."

"Mimi niko najificha bokilo," nikamwambia. Bokilo ndilo neno letu la mkwe, la mama mkwe pia, kama "njo" ilivyo "ndiyo" yetu.

"Njo vizuri sasa! Bokilo iko Bunia. Weye utakuwa chini ku ziwa. Atakuona na macho gani?"

Niliona hekima ndani yake. Mchumba wangu alikuwa ameniambia kwamba mama yake ana matembezi ya kwaya siku hiyo. Wapi, sikuuliza. Mwanaume akiambiwa mama mkwe hayupo, hana haja ya maelezo mengine.

Tulishuka mlima. Kwenye bariere ya askari tulitoa salamu na kitu cha salamu, tukapita. Joto la kule chini lilitupokea, na getini mlinzi akatupekua kama tunaingia benki, akitafuta ndizi. Chakula cha nje hakiruhusiwi.

Ndani palikuwa na watu wengi, na hakuna aliyelowa. Hili lilinishangaza mpaka nikalizoea. Wanaume walikuwa wamevaa kostimu, yaani suti, na viatu vyenye ncha. Wanawake walizama mchangani kwa visigino, wanachomoa mguu mmoja, wanazamisha mwingine, wanacheka kwa heshima. Kila mtu alikuwa amegeuzia ziwa mgongo na anatazama simu yake. Bafle zilikuwa zinapiga muziki kiasi kwamba bia ilitetemeka ndani ya glasi. Mshereheshaji, kijana mwenye miwani ya jua na mikrofoni, alikuwa anasalimia wakubwa: mheshimiwa huyu, mheshimiwa yule, na mtu akimnunulia soda, naye anakuwa mheshimiwa.

Rafiki yangu akatoa kwenye mfuko wake kaptula mbili za kuogelea alizonunua Kampala. Ya kwake ilikuwa nyeusi. Ya kwangu ilikuwa ya njano, yenye picha za kasuku, na ilikuwa imeshonwa kwa mtu asiye na mapaja.

"Hii sivai."

"Unavaa. Umelipa kuingia, utaenda kukaa na kostimu sawa hawa batu bamekufa?"

Nikavaa, kwa sababu ya ubishi. Nikatundika suruali, shati na heshima yangu kwenye kiti cha payoti, nikasimama pale nimejikunja. Rafiki akanisukuma. "Maji ukiisha kuvulia nguo, unaoga tu," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu methali hiyo ilinihusu mwili mzima.

Nisidanganye, ziwa lilikuwa tamu. Maji yalikuwa na uvuguvugu, mchanga laini chini ya miguu. Kuogelea sijui, kwa hiyo nilisimama tu, maji yakinifika kifuani, nikasahau matairi, nikasahau baba mkubwa. Nilikuwa na furaha kabisa, kwa muda wa kutosha kunywa soda moja. Rafiki yangu yeye hata hakulowa. Alikwenda upande wa V.I.P. kucheza muziki kando ya bwawa la kijani.

Ndipo nikasikia kwaya.

Ilikuja ndani ya lori, ikiimba tangu mlimani, na juu ya sauti zote ilikuwepo moja ambayo huwa inanipita sokoni na kununua maharage. Lori likasimama getini. Wakashuka akina mama wamevaa kitenge cha sare, kijani na nyeupe, wamebeba masufuria yaliyofungwa kwa vitambaa.

"Chakula ya inje haiingie," mlinzi akasema.

"Basi weye utoke inje," ile sauti ikamjibu, "siye tuingie na chakula."

Wakaingia. Masufuria yakaingia. Mlinzi alibaki anashikilia geti ambalo halikuwa na kazi tena. Na katika payoti zote za plaji, rais wa kwaya akachagua ile iliyokuwa na kivuli kizuri, yaani ile yenye suruali yangu. Nilimwona mama mmoja anaishika, anaikung'uta mchanga, anaikunja vizuri kwa mikunjo yake na kuiweka pembeni, jinsi anavyofanya mtu aliyelea watoto. Nilitaka kumshukuru na nilitaka kufa.

Nikarudi nyuma mpaka maji yakafika shingoni. Nikamwita rafiki yangu. Bafle zikala sauti yangu. Nikapunga mkono. Akaniona! Akafurahi sana, akatoa simu, akaanza kunipiga video, anapiga kelele "Shampyoni!" Nilipunga mikono yote miwili kumwomba msaada, na yeye akaipunga yake, kisha akageuka kuendelea kucheza. Dhahabu inaweza kununua simu. Akili wanauza duka lingine.

Nilikaa pale. Vidole vilikunjamana. Samaki wadogo walikuja kuchunguza kasuku wangu. Mvuvi akapita na mtumbwi, akanitazama kwa huruma, akaniita papa, yaani baba.

"Papa, iko unatafuta nini?"

"Hewa tu."

"Hapa kiboko inapitaka, weye. Jioni jioni njo anakuyaka."

Akaenda zake. Nikapima mambo mawili hayo, kiboko na mama mkwe. Kiboko anaua mara moja na watu wanalia msibani. Nikaamua kumngoja kiboko.

Badala yake akaja mshereheshaji. Alikuwa amechoka kusalimia waheshimiwa, akaanza kutafuta kitu cha kusema, na macho yake yakatua juu ya ziwa. Katika watu wote waliolipa kuingia, ni kichwa kimoja tu kilikuwa majini.

"Mabibi na mabwana! Munaona ule papa? Tangu saa ile hatoke! Ni shampyoni ya maji! Tunamupigia makofi!"

Wakapiga. Wote wakageuka kunitazama, hata wale wa kostimu.

"Plaji inamupatia zawadi: kofia na kreti ya sukre, soda ya baridi! Na zawadi itatolewa na mugeni yetu ya leo, Mama Prezidante ya kwaya! Papa, utoke, usiogope!"

Kisha akaona suruali. Akainyanyua juu, mbele ya umati, miguu yake ikining'inia. "Na hii ni ya shampyoni? Kuya uchukue, papa!" Akaja nayo mpaka mwisho wa mchanga, na nyuma yake, polepole, kwa mwendo wa mtu anayeheshimika, akaja mama mkwe wangu.

Sijawahi kuogopa hivyo, na mimi nimepita barabara za Ituri kwa miaka mibaya. Niliiona dote ikizama. Nilimwona mchumba wangu anahamia Aveba. Niliteremka mpaka maji yakanifika puani, nikabaki macho tu, nadhani hata mvuvi yule angesema ndiye kiboko mwenyewe.

Mama alisimama ukingoni. Aliweka mkono juu ya macho kuzuia mng'ao wa maji. Akanitazama. Mimi nikamtazama, kosa juu ya kosa, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikaona ule mkono unashuka kutoka machoni mpaka mdomoni, ukabaki hapo, na nikajua kwamba naye alikuwa ameiona picha yangu kwenye simu ya binti yake.

Hakupiga kelele. Aligeuka, akamnyang'anya mshereheshaji mikrofoni, na muziki wenyewe ukazimwa na mtu mwenye akili.

"Bamama, musimame. Mbele ya zawadi, tunaimba. Na hii wimbo tunaimba tukiangalia mulima, fasi tumetoka, fasi batoto yetu iko. Kila mutu ageuke."

Kwaya ikasimama, ikageukia mlima.

"Na nyinyi batu ya kostimu. Mugeuke pia. Ni wimbo ya Mungu."

Waheshimiwa wakainuka, wakafunga vifungo vya koti, wakageuka. Mpiga picha akageuka na turubai lake. Mlinzi wa geti akageuka. Kule V.I.P. niliona rafiki yangu naye ameweka mkono kifuani, ametulia wima. Aliniambia baadaye kwamba alidhani ni wimbo wa taifa.

Alibaki mshereheshaji, suruali mkononi. "Lakini Mama, zawadi..."

"Mutoto yangu, tia nguo ya batu chini. Geuka."

Akaiweka mchangani. Akageuka.

Wakaanza kuimba. Ilikuwa alasiri, na jua lilikuwa limekaa juu ya mlima uleule, likiwapiga wote usoni. Mimi nikatoka majini. Nilitembea nyuma ya migongo ile yote, ya kijani na nyeupe, ya kostimu, mimi na kasuku wangu, maji yananitiririka, na hakuna shingo hata moja iliyotikisika. Mgongo wa karibu kabisa ulikuwa wake. Miguu yake ilikuwa imezama kidogo kwenye mchanga mbichi, na alikuwa anaimba kwa nguvu zote. Nilivaa suruali palepale, mbichi, mchanga ndani; shati nililiacha payotini. Nilitaka kusema neno moja tu. Desturi hairuhusu, nikafunga mdomo, nikakimbilia upande wa wavuvi ambako ukuta una tundu. Nilipofika barabarani walikuwa bado wanaimba. Ubeti wa mwisho waliurudia mpaka nikapata pikipiki.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimesahau simu ya rafiki yangu.

Jumanne Bunia nzima ilikuwa na video. Aliiweka mwenyewe kwa upendo, na maandishi: "Masta yangu mbele ya ndoa." Nilionekana majini nikipunga mikono kama mwehu, njano ya kasuku ikionekana ndani ya maji, na pembeni, wazi kabisa, kitenge cha kijani na nyeupe. Wateja walianza kuniita Papa Kasuku. Hilo ningelivumilia. Lakini Alhamisi mchumba wangu alinipigia akilia.

"Baba mukubwa ameona. Anasema posho, Jumamosi ya dote, atauliza mama mbele ya batu yote. Anasema mama hawezi danganya, ni mutu ya kanisa."

Mzee alikuwa amesema kweli, ndiyo shida. Mama yule hasemi uongo. Kila mtu Bunia analijua hilo, na baba mkubwa alilijua kuliko wote.

Jumamosi tulikwenda. Ng'ombe walisubiri nje na watu wangu wa Niania, waliokuwa wamefua mashati yao. Sisi wanaume tulikaa sebuleni. Mama mkwe, kama inavyotakiwa, alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, pamoja na akina mama wa kwaya waliokuja kumsaidia kupika. Msemaji wetu alisema maneno mazuri. Msemaji wao alijibu maneno mazuri zaidi. Kisha baba mkubwa akainua fimbo yake, na maneno mazuri yakaisha.

"Kuna kitu inatembea ku matelefone," akasema. "Inaonekana huyu kijana alisimama uchi mbele ya bokilo yake. Kama ni kweli, ng'ombe irudi kwao. Mimi siulize batu ya mingi. Mama ya mutoto, weye njo bokilo. Ulimuona?"

Pazia halikutikisika. Nilitazama sakafu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiria jinsi ya kuishi bila yule binti, na sikuiona njia.

"Mimi?" ile sauti ikasema, taratibu. "Siku ile niliona kichwa ya mutu ndani ya maji. Kichwa tu. Kichwa iko uchi?"

Wazee wakakohoa. Baba mkubwa hakucheka.

"Na wakati alitoka mu maji?"

"Wakati ile sikuangalia maji."

"Nyinyi bamama yote mulikuwa pale. Nani alimuona akitoka?"

"Hakuna," kwaya ikajibu kwa pamoja, kwa sauti mbili.

"Batu yote hawa, hakuna? Mulikuwa munaangalia wapi?"

"Mulima."

Baba mkubwa alitafuta uongo ndani ya neno lile na hakuupata, kwa sababu haukuwepo. Kisha akateremsha fimbo, akasema ng'ombe waingie, jua lisije likawaunguza.

Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama aliumwa macho wiki nzima ile, mekundu, yanatoa machozi, kwa lile jua aliloliangalia mpaka wimbo ukaisha. Walipomuuliza, alisema ni moshi wa jikoni, uongo wake pekee ninaoujua. Mimi sijawahi kumshukuru, maana mpaka leo hatuzungumzi, haifai. Nikimwona anakuja kununua maharage, nachutama nyuma ya matairi kama zamani, na mara nyingine huko nyuma ninalia kidogo, mpaka apite.